Evans wa Broke

Edward Evans, aliyezaliwa London tarehe 28 Oktoba 1880, alitumikia Jeshi la Wanamaji la Uingereza kwa miaka zaidi ya 40 na kufikia cheo cha admeri, lakini nchi nzima ilimjua kwa jina la meli moja aliyoiongoza kwa kipindi kifupi. Aliitwa Evans wa Broke. Jina hilo alilipata katika mapigano ya dakika chache kwenye Mlango-Bahari wa Dover, usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 Aprili 1917. Mazoea aliyoyapata katika meli za aina hiyo yalimfuata hadi uzeeni, yakimfaa mahali pamoja na kumponza mahali pengine.

Broke ilikuwa destroya. Aina hiyo ya manowari ilizaliwa kwa hofu ya topido. Mwaka 1866 mhandisi Mwingereza Robert Whitehead, aliyekuwa akifanya kazi Fiume kwenye Bahari ya Adria, alitengeneza bomu linalojiendesha lenyewe chini ya maji. Kwa silaha hiyo mashua ndogo yenye watu wachache iliweza kuzamisha manowari iliyogharimu mali nyingi na miaka ya kuiunda. Uingereza, ambayo tegemeo lake lote lilikuwa baharini, ndiyo iliyokuwa na mengi zaidi ya kupoteza. Jibu lake likawa chombo chepesi chenye kasi ya kuzifukuza mashua za topido na mizinga ya kuzivunja. Havock, ya kwanza kati ya vyombo hivyo, ilishushwa majini mwaka 1893 ikiwa na uzito wa tani kama 240 na mwendo wa maili 26 za bahari kwa saa. Ilipofika 1914 destroya zilikuwa zimekua mara kadhaa, nyingi zikichoma mafuta badala ya makaa ya mawe, na kazi ya mashua zile za topido zilikuwa zimeichukua zenyewe.

Maisha ndani yake yalikuwa magumu. Destroya haikuwa na deraya. Bamba la ubavuni lilikuwa jembamba na hata kombora dogo lilipenya. Bahari ikichafuka, maji yalifagia sitaha kutoka omo hadi tezi, na chini hakikubaki kitanda wala nguo kavu. Serikali ilikiri taabu hiyo kwa kuwalipa mabaharia wa destroya posho ya ziada. Hata hivyo maafisa vijana waligombania destroya hizo. Katika manowari kubwa luteni alikuwa mmoja wa maafisa wengi wanaosubiri amri kutoka juu. Katika destroya luteni huyohuyo aliweza kuwa nahodha kabla hajatimiza miaka 30, na usiku, mbali na mkubwa wake, neno lake ndilo lililokuwa la mwisho. Destroya mbili zikikutana uso kwa uso gizani, kila moja ikienda maili 30 kwa saa, zinameza kilomita nzima iliyo kati yao kwa nusu dakika hivi. Katika nusu dakika hiyo nahodha atambue rafiki na adui, achague topido, mizinga au kugonga, kisha amwambie mshika usukani. Hakuna nafasi ya kuuliza.

Evans hakuingia kazini kwa njia ya kawaida. Alikuwa mtoto wa wakili, mtundu asiyekanyika, aliyefukuzwa shule kabla ya kupelekwa Worcester, meli ya mafunzo iliyotia nanga katika mto Thames na iliyowaandaa vijana hasa kwa meli za biashara. Kutoka hapo alipata nafasi ya ukadeti katika Jeshi la Wanamaji mwaka 1897. Wenzake wengi walikuwa wametoka chuo cha Dartmouth, wakijuana tangu utoto. Yeye alijitegemea kwa nguvu za mwili, uchangamfu na hamu ya kuonekana, na hamu hiyo haikumtoka maisha yake yote.

Mwaka 1902 alijiunga na Morning, meli iliyotumwa Antaktika kuisaidia Discovery ya Robert Falcon Scott iliyokuwa imenaswa na barafu. Safari hiyo ilimtia kiu ya kurudi. Alianza kuandaa msafara wake mwenyewe, akakusanya fedha hasa kwa wafanyabiashara wa Cardiff, kisha akakubali kuuunganisha na msafara mpya wa Scott na kuwa msaidizi wake mkuu. Terra Nova iliondoka Cardiff tarehe 15 Juni 1910. Ikumbukwe kwamba katika msafara huo walikuwamo watu wawili wenye jina la Evans. Edgar Evans, baharia wa cheo cha chini, ndiye aliyefika Ncha ya Kusini na kufa njiani wakati wa kurudi; Edward ndiye aliyerudishwa.

Alirudishwa tarehe 4 Januari 1912, zikiwa zimebaki kilomita chini ya 300 kufika Nchani. Scott aliamua kwenda na watu wanne badala ya watatu, akamchukua Henry Bowers kutoka kikundi cha Evans. Evans akabaki na mabaharia wawili, Tom Crean na William Lashly, kuburuta juu ya theluji sleji iliyopangiwa watu wanne, kwa njia ya kilomita zipatazo 1,200. Kiseyeye kilimshika. Magoti yalivimba na kukakamaa, fizi zikatoka damu, na mwishowe hakuweza kusimama. Aliwaamuru wamwache, wakakataa. Walimfunga juu ya sleji na kumvuta hadi nguvu zao nazo zilipoisha. Tarehe 18 Februari Lashly alibaki kumuuguza hemani, na Crean akaondoka peke yake akiwa na biskuti tatu na vipande viwili vya chokoleti. Alitembea kilomita kama 56 kwa saa 18 hadi kwenye kibanda cha Hut Point, akamkuta daktari Edward Atkinson, na Evans akaletwa akiwa hai. Crean na Lashly walitunukiwa Nishani ya Albert. Afisa aliyeokolewa kwa sababu amri yake ilivunjwa alikuwa na kila sababu ya kujua thamani ya baharia wa kawaida, na Evans hakuisahau. Mabaharia wa meli zake zote zilizofuata walimpenda.

Alirudi Antaktika na Terra Nova mwezi Januari 1913, akapokea habari kwamba Scott na wenzake wanne wamekufa, na uongozi wa kilichobaki cha msafara ukawa wake. Miezi michache baadaye mke wake Hilda, binti wa Christchurch huko New Zealand, alifariki wakiwa safarini kurudi Uingereza. Mwaka 1916 alioa tena, safari hii Elsa Andvord kutoka Norwei.

Vita vilipoanza Agosti 1914 Evans alikuwa kamanda wa miaka 33, nahodha wa destroya Mohawk, na kituo chake kilikuwa Dover. Mlango-Bahari wa Dover una upana wa kilomita 33 tu mahali unapobana. Humo zilipita meli za askari, farasi, risasi na chakula cha jeshi la Uingereza lililokuwa Ufaransa. Humo pia nyambizi za Wajerumani zilitaka kupenya kwenda bahari kuu. Wajerumani walikuwa wameteka pwani ya Ubelgiji, na destroya zao zilizojificha Zeebrugge na Ostend ziliweza kufika Mlangoni, kupiga na kurudi nyumbani ndani ya usiku mmoja. Kikosi cha Dover kilitakiwa kulinda yote hayo kwa vyombo vichache, vingi vyake vikiwa meli za uvuvi zilizotandaza nyavu za chuma na mabomu ya kutegwa majini.

Kazi ilikuwa ya kuchosha kuliko ya kusisimua. Evans aliipiga pwani ya Ubelgiji kwa mizinga mwezi Oktoba 1914, jeshi la Ujerumani lilipokuwa likisukuma kuelekea bandari za Mlango huo, kisha ikafuata miaka ya kusindikiza meli na kuzunguka usiku baada ya usiku kwenye maji yaleyale. Aliongoza Viking, baadaye Crusader. Hatari ilionekana wazi usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Oktoba 1916, destroya za Ujerumani zilipovamia Mlango huo na kuzamisha destroya Flirt, meli tupu ya kusafirishia askari iitwayo The Queen, na meli 6 za nyavu, zikaondoka bila kupoteza hata moja. Waingereza walichelewa, wakachanganyikiwa gizani, na wengine waliwaona maadui wakadhani ni wenzao. Admeri Reginald Bacon, mkuu wa kikosi, alihitaji meli kubwa zaidi na manahodha wasiosita.

Broke ilikuwa mojawapo ya meli hizo. Iliundwa Cowes kwa ajili ya Chile, na Uingereza ikainunua vita vilipoanza kabla haijakabidhiwa. Ilikuwa destroya ya kuongoza kundi, kubwa na imara kuliko nyingi, yenye dohani nne, mizinga na topido. Katika mapigano ya Jutland, usiku wa tarehe 31 Mei 1916, ilikuwa chini ya nahodha mwingine, ikapigwa vibaya na manowari kubwa ya Kijerumani, ikapoteza uelekeo na kugongana na destroya mwenzake Sparrowhawk. Makumi ya mabaharia wake walikufa. Evans aliipokea baada ya kutengenezwa.

Usiku wa tarehe 20 Aprili 1917 bahari ilikuwa shwari na giza totoro. Wajerumani walituma makundi mawili ya destroya sita sita, moja kuipiga Calais na lingine Dover. Makombora yao hayakuleta madhara makubwa mjini, lakini milio yake iliwaamsha Waingereza. Swift, iliyoongozwa na Kamanda Ambrose Peck, na Broke iliyokuwa ikiifuata nyuma, zilikuwa zikizunguka mashariki ya Dover. Karibu saa saba kasorobo usiku walinzi waliona vivuli sita vikija upande wao kwa kasi, mwendo wa kinyume, umbali usiozidi mita 600.

Wajerumani walifyatua kwanza. Peck aligeuza Swift ili agonge, lakini mwanga wa mizinga yake mwenyewe ulimpofusha kwa nukta chache, akapita katikati ya safu yao bila kugusa chombo. Topido la Waingereza likaipata destroya G85, iliyokuwa katika mkia wa safu. Evans naye alikuwa ameshachagua. Aliingojea meli ya mwisho, G42, akapindua usukani kushoto na kuiingia ubavuni kwa mwendo wa maili 27 kwa saa. Omo ya Broke ilizama ndani ya G42 na vyombo viwili vikaganda pamoja, Broke ikimsukuma adui yake kiubavu juu ya maji huku mizinga yake ikipiga kutoka mita chache.

Hapo ndipo yalitokea mambo ambayo watu wa karne ya 20 walidhani yamekwisha na enzi za matanga. Mabaharia wa Kijerumani, baadhi kwa kushambulia na wengine kwa kuikimbia meli inayozama, walirukia sitaha ya mbele ya Broke. Mahali pale wapiga mizinga wengi walikuwa tayari wamekufa au kujeruhiwa. Afisa mwanafunzi Donald Gyles, akiwa na damu machoni kwa jeraha, aliwakabili kwa bastola. Mabaharia walichukua singe na sime zilizowekwa tayari kwa tukio la namna hiyo, wakapigana ana kwa ana mpaka sitaha ikasafishwa. Kwenye usukani William Rawles, baharia aliyejeruhiwa mara nne, aliendelea kuishika meli katika njia aliyoamriwa mpaka kazi ilipokwisha, ndipo akaanguka. Alitunukiwa Nishani ya Ushujaa wa Kipekee, na hakuna aliyeistahili zaidi: Evans alitoa amri, lakini aliyeifikisha omo ya Broke kwenye ubavu wa G42 ni Rawles.

Broke ilijichomoa na kutaka kumgonga mwingine, ila mvuke ulikuwa umeanza kupotea. Kombora lilikuwa limeingia katika chumba cha boila. Meli ikapunguza mwendo, ikasimama, kisha maji yakaisukuma taratibu kuelekea G85 iliyokuwa ikiwaka moto. Mabaharia wa Kijerumani waliokuwa juu yake waliomba msaada. Kisha mzinga mmoja wa meli hiyo ukafyatua. Broke ikajibu na kuinyamazisha. Meli nyingine za Kiingereza zilifika kusaidia na kuivuta hadi Dover. G42 na G85 zote zilizama. Broke ilipoteza watu 21, Swift mmoja.

Habari zilipofika magazetini nchi ilikuwa imechoka na vita. Jutland haikuwa imeleta ushindi ambao watu waliungoja, na nyambizi zilikuwa zikizamisha meli za biashara kuliko wakati mwingine wowote. Hadithi ya sime na bastola juu ya sitaha ilipokewa kwa shangwe. Peck na Evans wote walipandishwa cheo kuwa makepteni na kupewa nishani ya DSO. Peck ndiye aliyekuwa kiongozi usiku ule, na yeye ndiye aliyegeuka kwanza kumwelekea adui, lakini jina lake lilififia. Evans alikuwa na historia ya Antaktika, sura ya kupendeza na ulimi wa kusimulia. Matokeo ya kivita hata hivyo hayakuwa ya magazetini tu: destroya za Ujerumani hazikurudi kuuvamia Mlango huo hadi Februari 1918.

Baada ya vita Broke iliuzwa tena kwa Chile. Evans alipewa Carlisle, manowari ya ukubwa wa kati, na kupelekwa China. Mwezi Machi 1921 meli ya abiria Hong Moh, iliyobeba watu wapatao 1,100, wengi wao Wachina waliokuwa wakirudi nyumbani kutoka Singapore, ilipasuka juu ya miamba karibu na Swatow. Mawimbi yalizuia mashua kuikaribia. Evans mwenyewe aliogelea kwenda kwenye mabaki ya meli kuwaokoa watu. Carlisle ilitoa zaidi ya 200; wengine zaidi ya 800 walikufa. Nahodha wa manowari hatarajiwi kuiacha meli yake na kuingia majini, lakini ni vigumu kumlaumu.

Vyeo vilifuata kwa mpangilio: nahodha wa Repulse, admeri mdogo mwaka 1928, mkuu wa kikosi cha Australia, na mwaka 1933 mkuu wa Kituo cha Afrika chenye makao yake Simon's Town, karibu na Cape Town. Huko ndiko alikofanya kosa lake kubwa. Kamishna Mkuu wa Uingereza alikuwa likizoni na Evans akakaimu nafasi yake, hivyo akawa na mamlaka pia juu ya Bechuanaland, Botswana ya leo.

Mtawala wa Bamangwato, jamii mojawapo ya nchi hiyo, wakati huo alikuwa Tshekedi Khama, aliyekuwa akishika nafasi hiyo tangu 1926 kwa niaba ya mpwa wake Seretse, mtoto aliyezaliwa mwaka 1921. Baba yake Tshekedi, Khama III, alikuwa amekwenda London mwaka 1895 pamoja na machifu wawili wenzake kuzuia nchi yao isikabidhiwe kampuni ya Cecil Rhodes. Mwezi Septemba 1933 baraza la Serowe, mji mkuu wa Bamangwato, lilimhukumu kijana wa Kizungu aliyekuwa akiishi mjini humo, ambaye mwenendo wake kwa wasichana na ugomvi wake vilikuwa vimelalamikiwa mbele ya maafisa wa serikali bila hatua kuchukuliwa. Katika purukushani kijana huyo alichapwa. Kwa sheria za kikoloni chifu Mwafrika hakuwa na ruhusa kumhukumu Mzungu, na habari ziliwasha moto miongoni mwa walowezi.

Evans alitenda kama aliyeona kivuli gizani umbali wa mita 600. Alipakia mabaharia na askari wa majini pamoja na mizinga kwenye treni kutoka Simon's Town, akawapeleka safari ya zaidi ya kilomita 1,500 kwenda bara, kukabili watu ambao hawakuwa wameshika silaha. Mizinga ilikwama mchangani kwenye njia ya kutoka kituo cha treni cha Palapye. Uchunguzi uliendeshwa harakaharaka, na mbele ya kusanyiko kubwa Evans alimsimamisha Tshekedi na kumfukuza Serowe. Tshekedi hakupiga kelele. Aliandika barua, akatafuta mawakili na marafiki huko Uingereza, na magazeti ya London yakaanza kuuliza vita hivyo ni vya nini. Yule kijana mwenyewe hakuonyesha kinyongo na Tshekedi. Haikupita hata mwezi, Evans alirudi Serowe na kumrejesha madarakani.

Katika Mlango-Bahari wa Dover nusu dakika ndiyo ilikuwa muda wote uliokuwapo. Serowe kulikuwa na majuma ya kusikiliza, kuuliza na kuzungumza, na kiongozi wa upande wa pili alikuwa mtu wa sheria na subira. Tshekedi, aliyekuwa na umri wa miaka 27 hivi, alimshinda admeri wa miaka 52 bila kufyatua risasi. Aliendelea kuwaongoza Bamangwato hadi mwishoni mwa miaka ya 1940, na Seretse akawa rais wa kwanza wa Botswana mwaka 1966.

Tukio hilo halikukatisha kazi ya Evans. Alirudi Uingereza mwaka 1935 kuwa mkuu wa Kituo cha Nore, kilichosimamia mlango wa mto Thames, akakaa hapo hadi 1939. Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta mstaafu. Wajerumani walipoivamia Norwei Aprili 1940, alitumwa huko kwa sababu aliijua nchi, lugha na familia ya kifalme. Kwa sehemu kubwa ya vita alikuwa mmoja wa makamishna wa ulinzi wa raia wa London, na ndege za Ujerumani zilipoishambulia London kila usiku kuanzia Septemba 1940 alipita kwenye mahandaki na kwenye magofu akiwatia watu moyo, kazi iliyomfaa sana. Mwaka 1945 alifanywa lodi, akachukua jina la Mountevans. Alifariki Norwei tarehe 20 Agosti 1957 akiwa na umri wa miaka 76, akazikwa Oslo.